Seva ya Kikundi: Kuinunua ni Rahisi, Kuitunza Ndiyo Kazi



Hapa Enguserosambu mmetuomba tueleze habari ya seva kwa biashara ndogo, kama vile kikundi cha wafuga nyuki. Tuanze kwa kukiri kosa. Miaka ya nyuma, kikundi kimoja tulichokisaidia kiliweka hesabu zake zote katika kompyuta moja tuliyoitoa sisi. Siku moja umeme ulipanda ghafla, ikaungua. Kilo za asali za kila mama, hisa na mikopo, vyote vikapotea. Wanachama wakaanza kutiliana shaka. Tulikuwa tumetoa mashine, lakini hatukutoa utaratibu wa kuitunza.

Seva ni kompyuta inayokaa ofisini usiku na mchana ikihifadhi kumbukumbu za wote. Anayepima asali ghalani na mhasibu aliye mezani wanafungua daftari lile lile kupitia rauta na nyaya za humo ndani. Haihitaji intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Ofisi yenye seva ya ndani haizuiwi na jambo kama hilo kusoma hesabu zake.

Kuijenga si gharama kubwa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, inatosha. Toleo lake la 4 hutumia chaja ya wati 15, yaani kwa siku nzima haizidi wati-saa 360. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hutoa wati-saa 600. Programu za Linux na Samba hazilipiwi leseni. Kumbukumbu ziwekwe kwenye diski ya SSD, kwa kuwa kadi ndogo za kumbukumbu huharibika upesi umeme unapokatika ghafla.

Sasa matunzo, ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu:

1. Pawepo nakala tatu: moja ndani ya seva, ya pili kwenye diski ya pembeni, na ya tatu nje ya ofisi, kwa mfano parokiani. Zibadilishwe kila Ijumaa.

2. Kila mwezi nakala ifunguliwe na kusomwa. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

3. Wachaguliwe watunzaji wawili, vijana wa hapa hapa, maana fundi wa Arusha ni safari ya siku nzima. Nywila iandikwe, itiwe katika bahasha na kufungwa, akae nayo mwenyekiti.

4. Madeni na namba za simu za wanachama zisisomwe na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Wafadhili wetu, mnapochangia seva, tengeni pia fedha za betri, diski na mafunzo. Wanakamati, kabla hamjaandika maombi ya mashine, jiulizeni: ni nani atakayebadilisha diski siku ya Ijumaa? Mkishampata, njooni tuzungumze.