Kuchagua Rili ya Kuvulia Sangara Katika Maji ya Kina
Maelezo kwa wavuvi wa Longech, Namukuse na Kalokol



Swali la leo ni moja: mvuvi anayetaka kuvua sangara chini kabisa, nje ya Ghuba ya Ferguson, anunue rili gani? Swali hili ni la pesa na pia ni la usalama. Sangara mkubwa huweza kuzidi kilo 100. Mshipi uliozungushwa mkononi, samaki kama huyo akiuvuta, hukata vidole au humtoa mtu ndani ya boti, na ziwa hili lina mamba. Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, hubeba mvuto huo badala ya mkono. Lakini rili isiyofaa huharibika siku ile ile inapohitajika.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kina. Ndani ya ghuba maji ni mafupi, na miaka ya 1980 ghuba ilikauka ziwa liliposhuka. Anayevua humo hana haja ya rili nzito. Mshipi wa mkono au rili ndogo humtosha. Kazi hubadilika boti inapovuka ncha ya Longech na kuelekea upande wa Central Island. Wastani wa kina cha Ziwa Turkana ni takriban mita 30, na sehemu za kusini hupita mita 100. Kabla ya kununua, mvuvi ashushe kamba yenye jiwe mahali anapovua na kuipima. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua mengine yote.

Jambo la pili ni upepo. Upepo wa kusini-mashariki husukuma boti, kwa hiyo mshipi haushuki wima bali hulala upande. Jigi, yaani chambo bandia cha risasi chenye umbo la samaki, lazima kiwe kizito ili kigonge chini. Kwa kina cha mita 30, gramu 100 huwa mwanzo mzuri. Kwa mita 60, gramu 200 au zaidi. Rili nayo ibebe mshipi mara nne au tano ya kina, kwa sababu sehemu hulala na upepo, na sangara akikimbia huchukua nyingine. Kwa mita 60, mita 250 hadi 300 zinafaa.

Uzi wa kusuka unafaa kuliko nailoni nene. Ni mwembamba, hushuka haraka, na hauvutiki, hivyo mvuvi huhisi samaki anapogusa. Hata hivyo huteleza kwenye ngoma ya rili. Mizunguko michache ya nailoni itangulie chini yake. Uzi huu pia hukata ngozi upesi, kwa hiyo glavu ni lazima.

Jambo la tatu ni aina ya rili. Madukani ziko mbili. Ya kwanza hukaa chini ya fimbo, na ngoma yake haizunguki wakati wa kukunja. Hiyo ni nzuri kwa kurusha chambo kutoka ufukweni. Ya pili hukaa juu ya fimbo, na ngoma yake huzunguka kama winchi. Kwa jigi nzito inayoshushwa wima, hii ya pili ina nguvu zaidi, kwa kuwa uzi huingia moja kwa moja bila kupinda.

Jambo la nne ni gia. Rili iliyoandikwa 5:1 huzungusha ngoma mara tano kwa mzunguko mmoja wa mkono. Namba ikiwa kubwa, uzi huingia haraka lakini mkono huchoka. Rili inayoingiza sentimita 80 kwa mzunguko huhitaji mizunguko 75 kutoa jigi mita 60. Mtu atafanya hivyo mara nyingi kwa siku. Kwa samaki mzito, gia ya polepole, mkono mrefu na kishikio kinene humsaidia kuliko kasi.

Jambo la tano ni breki, na hapa ndipo samaki wengi hupotea. Breki ifungwe kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 24 unahitaji breki ya kilo 6 hadi 8. Kipimo ni rahisi: uzi ufungwe kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ile ya kupimia samaki, kisha uvutwe hadi breki iachie. Muuzaji asiyekubali breki ijaribiwe, aachwe na rili yake.

Mchanga wa Longech na maji yenye magadi huharibu rili upesi. Kila jioni ipanguswe kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, breki ilegezwe, kisha ifungwe ndani ya mfuko. Isiwekwe mchangani hata mara moja.

Yako mambo mawili ya mwisho. Samaki anayetolewa haraka kutoka kwenye kina bondo lake huvimba, na mara nyingi haponi akirudishwa. Wakiendelea kutoka wadogo, boti ihame. Tena, Central Island ni Hifadhi ya Taifa chini ya KWS, kwa hiyo ruhusa itafutwe kabla ya kuikaribia kwa uvuvi.

Kikundi chenye pesa chache kinaweza kununua rili moja, wavuvi wakaijaribu kwa zamu kwa msimu mmoja, kisha kikaamua kama samaki wanaopatikana wanalipa gharama. Rili au fimbo isifungwe mwilini. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe, na asiende mtu peke yake kwenye maji ya kina. Mwenye swali amwone afisa wa uvuvi au viongozi wa BMU ya ufuo wake kabla ya kutoa pesa dukani.