Spika ya Darini

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo vijana wengi wa Tanga na Pangani huuliza: je, mtu wa kipato kidogo aweza kutia spika katika dari ya nyumba yake, sauti ikashuka kutoka juu kama isikikavyo hotelini? Aweza, lakini kwanza na aitazame nyumba yenyewe.

Nyumba zetu za pwani si za namna moja. Katika nyumba za kale za Pangani dari ni boriti za mikoko, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti hizo ndizo zilizopunguza upana wa vyumba vile, kwa maana hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Dari ya namna hiyo usiitoboe kamwe. Ukiitoboa, maji ya mvua yatapata njia, na boriti zitaoza. Fanya kisanduku cha mbao, ukifunge chini ya boriti. Chumba chembamba hakihitaji zaidi ya spika moja.

Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati ina shida nyingine. Mara nyingi kuta zake hazifiki paani, na pasipo dari, sauti ya chumba kimoja hupita juu ya kuta zote. Mpangaji mmoja astarehe kwa taarabu, na jirani yake auguza mgonjwa. Wa tatu ana mtoto ambaye kesho ana mtihani. Katika nyumba kama hiyo, maoni yangu ni kwamba dari itangulie. Ikiwa fedha za dari hazipo, redio ya mezani yatosha.

Tuseme basi dari ipo, ya jipsamu au ya mbao nyembamba, chini ya mabati. Spika kuukuu za motokaa zafaa sana, na bei yake ni nafuu. Lakini usizifunge kwenye dari tupu: sumaku ni nzito, nayo dari ikilegea itamwangukia aliyelala. Kata ubao mnene, uulaze juu ya papi mbili na kuupigilia, ndipo uikaze spika kwa skrubu. Kisha uifunike nyuma kwa kisanduku. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma huivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana huuana, na mlio mzito wa ngoma hupotea. Kisanduku hicho huwazuia panya na popo pia.

Sasa nisikilizeni vema, maana hapa ndipo vyombo vinapoungua. Spika nyingi za motokaa zina ukinzani wa omu 4. Ukiunga mbili chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ukinzani hushuka ukawa omu 2, na amplifaya iliyoandikwa 4 itapata moto mpaka iharibike. Ziunge kwa kufuatana, chanya ya pili ikipokea kutoka hasi ya kwanza: hapo zitakuwa omu 8, na amplifaya haitalemewa.

Alama zikiwa zimefutika, twaa betri ya tochi ya volti 1.5, uiguse miguu ya spika mara moja tu. Karatasi ikiruka mbele, mguu ulioshikwa na chanya ya betri ndio chanya. Ikirudi nyuma, ni kinyume chake. Spika mbili zilizopishana alama hudhoofishana, na mtu hudhani kwamba ameuziwa chombo kibovu.

Kabla ya kupanda darini, zima swichi kuu, kwa kuwa nyaya za umeme wa nyumba hupita huko huko. Waya wa spika usifuatane nazo, usije ukavuma usiku kucha. Na tundu lenyewe likatwe mbali na pangaboi, ambalo mtikisiko wake hulegeza skrubu. Kila baada ya miezi michache panda ukazikaze.