Kopo haiko kilo: kufundisha watoto wetu kulinganisha na kugeuza vipimo

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama, wazazi na walimu katika mkutano mkuu, Butembo. Tumeyaandika kwa ombi la wenzetu wa Beni na Oicha ambao hawakuweza kufika.)



Kamati ilituomba tuseme juu ya hesabu za watoto wa kalasi ya 7 na ya 8, ile wazee wengi bado wanaita sekondari ya kwanza na ya pili. Wazazi wengi wanalalamika: mtoto alikuwa anaendelea vizuri, amefika pale, ameanguka. Na walimu wanasema kitu kimoja: watoto wanaangukia kwenye uwiano, kwenye kanuni ya namba tatu, na kwenye kugeuza vipimo. Lakini kabla ya kusema juu ya watoto, turuhusuni tuanze na kosa letu sisi wenyewe.

Mnakumbuka ile siku ya kugawa mbegu ya maharagi. Karatasi yetu ilisema familia 60, kila familia kilo 10, jumla kilo 600. Mizani hatukuwa nayo. Tulichukua kopo, tukasema kopo moja ni kilo moja, tukapima makopo 10 kwa kila familia. Jioni, familia zote zimekwisha kupata, lakini depo bado iko na magunia. Watu waliona yale magunia. Kesho yake maneno yakaanza: "Kamati imekula mbegu yetu." Mama mmoja wa kamati alikaa siku tatu bila kwenda sokoni kwa sababu ya haya, na hakuwa ameiba hata punje moja.

Aliyetuokoa ni msichana wa kalasi ya 8, mtoto wa mwanachama. Alimwomba jirani muuza duka mizani, akapima makopo 10 ya yale maharagi. Yalikuwa kilo 8. Akatuambia: "Kopo haiko kilo. Kopo ni nafasi, kilo ni uzito." Akaandika kwenye daftari: kopo 10 ni kilo 8, basi kopo 1 ni kilo 0,8, basi makopo 600 ni kilo 480. Kilo 600 kutoa 480 inabaki 120. Tukapima magunia ya depo: kilo 120. Tukagawa tena, kila familia kilo 2, na maneno yakaisha. Sisi tulikuwa na diploma za univerisite, na kosa lilikuwa letu. Yeye alikuwa na daftari na swali zuri.

Ndiyo sababu tunasema somo hili si la kupita mtihani tu. Mtu anayerudi nyumbani anaanza maisha kwa kupimiwa: anapimiwa mbegu, anapimiwa kakao yake, anapimiwa shamba, anabadilishiwa feza. Asiyejua kulinganisha anapimwa na wengine.

Sasa, watoto wanakosea wapi? Kwa yale tuliyoyaona kazini, makosa ni machache, na yanarudi kila mara.

Kosa la kwanza ni kujumlisha pahali pa kuzidisha. Tuliuliza watoto hivi: mama anachanganya makopo 3 ya unga wa mihogo na makopo 2 ya unga wa mahindi. Leo ana makopo 9 ya mihogo. Aweke mahindi makopo mangapi? Wengi walijibu 8. Wameona kwamba kati ya 3 na 2 kuna tofauti ya 1, basi wakatoa 1 kwenye 9. Ukiwaambia tu "si kweli, ni 6", wataandika 6 na kesho watarudi kwenye 8. Dawa ni kuwapa makopo yenyewe. Pangeni 3 na 2. Pangeni tena 3 na 2. Pangeni tena. Mtoto anahesabu mwenyewe: mihogo 9, mahindi 6. Hapo anaelewa kwamba chakula kimeongezeka mara 3, basi kila kitu ndani yake kimeongezeka mara 3. Kisha ndipo mwalimu anaandika kanuni ubaoni, si mbele.

Kosa la pili ni kutumia kanuni ya namba tatu pahali pote. Mtoto akiona namba tatu, anazidisha na kugawanya bila kufikiri. Tuliuliza: kilo moja ya maharagi inaiva kwa masaa 2, kilo mbili ndani ya sufuria moja zitaiva kwa masaa mangapi? Wakasema 4. Mama zetu, mnacheka, na mko na haki ya kucheka. Lakini kwenye daftari hakuna anayecheka. Tuliuliza tena: watu 4 wanapalilia shamba kwa siku 6, watu 8 watamaliza kwa siku ngapi? Wengine wakajibu 12, yaani watu wakiongezeka kazi inachelewa! Jibu ni 3. Tunaomba walimu wafundishe swali moja kabla ya hesabu yoyote: hiki kikiongezeka, kile kingine kinaongezeka, kinapunguka, ao kinabaki? Bila jibu la swali hilo, kalamu ibaki chini.

Kosa la tatu liko kwenye tablo ya vipimo. Kilometa, hektometa, dekameta, meta: watoto wanaiimba vizuri kuliko wimbo wa taifa. Lakini ukifika kwenye eneo, wanasogeza nafasi moja tu pahali pa kusogeza mbili. Shamba la meta 50 kwa meta 40 ni meta za mraba 2 000. Ari moja ni meta za mraba 100, basi shamba ni ari 20. Hektari moja ni ari 100, basi shamba ni hektari 0,2. Tumeona daftari ambapo limekuwa hektari 2. Mara kumi! Kwenye daftari ni alama moja imepotea. Kwenye karatasi ya kuuza shamba ni ugomvi wa miaka. Mtoto atoke inje na kamba, achore meta moja ya mraba kwenye vumbi, aigawe kwa desimeta, ahesabu viraba. Atapata 100, si 10, na hatasahau.

Kosa la nne ni kuchanganya "moja kwa tisa" na "moja katika kumi". Hapa hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, Beni na Butembo tuliishi na Ebola, na kila mlango ulikuwa na ndoo za maji ya klori. Ya mikono ilikuwa 0,05 kwa mia. Ya viatu, sakafu na vyombo ilikuwa 0,5 kwa mia. Watoto wa kalasi ya 7 leo walikuwa wadogo, lakini wanakumbuka harufu ile. Waulizeni: ile kali ni mara ngapi ya ile nyepesi? Mara 10. Basi ukitaka ndoo ya litri 20 ya kunawa mikono kutoka kwenye ile kali, unaweka litri ngapi? Litri 2 za ile kali na litri 18 za maji, siyo litri 2 na litri 20. Sehemu 1 kwa 9, jumla 10. Na mtoto aliyekosea virguli ameosha mikono ya watu kwa maji ya kusafisha sakafu. Hapo anaona kwamba virguli si kidoti cha kupamba karatasi.

Na hiyo virguli inatuleta kwenye jambo ambalo linagusa moja kwa moja watoto wetu waliorudi kutoka Uganda.

Mtoto mmoja alirudi na wazazi wake, amemaliza kalasi ya 7 ya primeri kule. Mkumbuke: Uganda primeri ni miaka 7, kwetu ni miaka 6. Masomo ambayo hatutayataja yalimpa mtihani wa kumpima. Swali moja lilisema: 1,250 kg ni gramu ngapi? Akaandika 1 250 000. Sifuri. Maswali mengine yakaenda hivyohivyo. Wazazi wakaambiwa mtoto arudi kalasi ya 5.

Tulikaa naye tukamwuliza: "Soma hii namba kwa sauti." Akasema: "Kilo elfu moja mia mbili hamsini." Wapendwa, alikuwa na haki! Kule alikosoma, virguli inatenganisha maelfu, na nukta ndiyo inaonyesha sehemu ndogo. Kwetu, tunaosoma kwa Kifaransa, ni kinyume: virguli inaonyesha sehemu ndogo. Kwa mwalimu, 1,250 kg ilikuwa kilo moja na robo, yaani gramu 1 250. Kwa mtoto ilikuwa zaidi ya tani moja. Wote wawili walizidisha kwa 1 000, na wote wawili walizidisha vizuri. Tulirudi kuongea na mwalimu, akakubali kumpima tena kwa mdomo, kwa Kiswahili. Mtoto akaingia kalasi ya 7.

Fikirieni kama hakuna mtu aliyemwambia asome kwa sauti. Miaka 2 imepotea kwa ajili ya alama moja, na wengi katika hali ile wanaacha masomo kabisa, maana mvulana mkubwa hataki kukaa na watoto wadogo.

Kitu cha mwisho ni feza. Sisi wa huku tunaishi na feza tatu: franga, dola, na shilingi ya Uganda inayopitia Kasindi. Tuseme, kwa mfano tu, dola 1 ni franga 2 500, na dola hiyohiyo ni shilingi 3 750. Mtu amerudi na shilingi 75 000. Ni franga ngapi? Ukigawa 75 000 kwa 3 750 unapata dola 20, na dola 20 ni franga 50 000. Mtoto akizidisha pahali pa kugawa, atapata namba ya ajabu. Mfundisheni kuuliza kwanza: namba yangu itakuwa kubwa zaidi ao ndogo zaidi? Kwa mfano wetu, franga moja inanunua shilingi moja na nusu, basi franga zitakuwa chache kuliko shilingi. Akipata nyingi zaidi, arudie. Mtoto mwenye mazoea hayo atasimama mbele ya mbadilishaji feza pamoja na mama yake, na mama hatadanganywa.

Tunamaliza kwa maombi manne.

Kwa walimu: mtoto aliyetoka inje, kabla ya kumpa sifuri, mwambieni asome namba kwa sauti. Yeye anajua neno kwa Kiingereza, nyinyi kwa Kifaransa, lakini Kiswahili mnacho wote. Fundisheni wazo kwa Kiswahili, kisha wekeni neno la Kifaransa juu yake, maana mtihani utakuja kwa Kifaransa.

Kwa wazazi: mtumeni mtoto sokoni na hesabu, si na feza tu. "Kilo ni franga hii, nataka gramu 750, utalipa ngapi?" Hata mzazi ambaye hakusoma anaweza kuuliza, na anaweza kujua jibu likiwa baya, kwa sababu soko analijua. Na wasichana wapewe nafasi hiyo sawa na wavulana. Mmekwisha kuona nani alituokoa na mbegu.

Kwa chama: tununue mizani moja, ikae kwa kamati, na kila msimu tupime kopo letu mbele ya watu, tuandike ukutani: kopo la maharagi ni kilo kadhaa, kopo la mahindi ni kilo kadhaa, kopo la unga ni kilo kadhaa. Kila kitu kina uzito wake. Siku za kawaida watoto wa kalasi ya 7 na ya 8 waje kuitumia.

Kwa sisi wa terrain: hatutagawa tena kitu chochote kwa kopo ambalo halijapimwa. Mkituona tunafanya hivyo, mtukataze.

Na yule mama wa kamati tunamwomba msamaha tena, hapa mbele ya wote.