Diski Ijulikane kwa Kitambulisho Chake: Kompyuta Ndogo za Linux kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay



Nimekuja kuzungumzia jambo linaloweza kufuta alama za wanafunzi bila kompyuta kutoa onyo lolote: majina ya diski za USB yanayoweza kubadilika mfumo wa Linux unapowashwa upya. Nalileta Ruvuma makusudi. Laini ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018. Kabla yake tuliishi kwa majenereta ya dizeli. Gridi imetusogeza mbali, lakini umeme bado hukatika, na unaporudi kila kifaa huamka kwa wakati wake.

Tuchukue mfano wa sekondari ya ufukweni, tuseme kati ya Liuli na Mbamba Bay, yenye Raspberry Pi moja. Kompyuta hizi za bei nafuu, ndogo kama kiganja, zilianza kuuzwa mwaka 2012, na zimetumika kwa umeme wa jua katika shule za Karatu, mkoani Arusha. Ikiwekewa programu ya Kiwix, huwapa wanafunzi Wikipedia ya Kiswahili pasipo intaneti. Shule yetu ina diski mbili: moja inatunza masomo na alama, nyingine hupokea nakala kila usiku.

Linux huiita diski iliyoonekana kwanza /dev/sda, na inayofuata /dev/sdb. Ni majina ya zamu. Diski yenye sahani zinazozunguka huhitaji sekunde kadhaa kushika kasi, ilhali SSD, isiyo na sahani, hujibu papo hapo. Umeme wa USB ukipungua, diski huweza kupotea kisha ikarudi na jina jingine. Iliyokuwa sda jana, leo ni sdb.

Sasa usiku unaingia, na programu ya kunakili, rsync, yenye agizo la --delete inaanza kuufanya upande wa nakala ulingane kabisa na chanzo. Majina yakiwa yamebadilishana, chanzo ni nakala ya jana, na kinachorekebishwa ni kazi ya leo. Alama alizoingiza mwalimu mchana kutwa zinafutwa. Hakuna kosa linaloripotiwa, kwa sababu kompyuta imetii ilichoamriwa. Hasara ya namna hii inaniuma kuliko diski kufa, maana diski ikifa angalau mtu anajua.

Karani wa ushirika anayepokea kahawa hapa Mbinga huandika jina la mkulima. Nafasi ya mkulima huyo kwenye foleni haiingii daftarini. Diski nayo ina kitambulisho kilichoandikwa ndani yake, UUID, na amri ya blkid hukionyesha. Kwa wanaosumbuliwa na tarakimu ndefu, diski ya ext4 inaweza kupewa lebo kwa amri ya e2label. Kisha katika faili la /etc/fstab, panapoeleza diski ipi ipachikwe kwenye folda ipi, tunaandika:

LABEL=MASOMO /srv/masomo ext4 defaults,nofail 0 2

Diski ya nakala hupata mstari wake. Tangu hapo zamu ya kuamka haina uzito. Ila mtu akiinakili diski nzima kwa amri ya dd, kitambulisho na lebo vyote hunakiliwa. Diski mbili za namna hiyo zisichomekwe pamoja kabla ya moja kubadilishiwa kitambulisho na lebo.

Neno nofail linastahili maelezo. Bila hilo, diski moja ikikosekana, mfumo huweza kukwama wakati wa kuwaka, na kifaa kisicho na skrini kitamngoja fundi asafiri kutoka Mbinga. Kukiwa na nofail mfumo unaendelea, lakini folda inabaki tupu. Ikiwa ni folda ya nakala, mafaili yataangukia kwenye kadi ndogo ya mfumo hadi ijae. Ikiwa ni folda ya masomo, --delete itafagia nakala zote. Kwa hiyo programu ya usiku lazima ianze kwa kuuliza, kwa amri ya mountpoint, kama folda zote mbili zimepachikwa kweli. Moja ikikosekana, isimame.

Walimu na mafundi wa wilaya za Mbinga na Nyasa, nawaomba mfungue /etc/fstab katika kila kifaa mnachokitunza. Mkikuta diski ya USB imetajwa kwa jina la zamu kama /dev/sda1, andikeni UUID au lebo yake badala ya jina hilo kabla rsync haijafanya kazi yake usiku wa leo.