Kodi Nafuu na Miguu ya Mtoto: Tanga Kama Mji wa Kulelea



Wazazi vijana wa Dar es Salaam huniuliza swali moja. Tanga kodi ya nyumba ni nafuu. Je, tuhamishe watoto?

Kwanza tujue nafuu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf akaleta mkonge. Zao hilo likajenga bandari, viwanda na mitaa. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, na ajira nyingi zikaenda nayo. Nyumba na barabara zilibaki. Kodi ndogo tunayoisifu leo ni alama ya kazi zilizopotea, na mzazi anapaswa kulijua hilo kabla hajafunga mizigo.

Lakini kilichobaki kina thamani kubwa kwa mtoto. Mji ni tambarare, na baiskeli ni usafiri wa wengi. Katika eneo la Ngamiani mitaa imenyooka na barabara zinaitwa kwa namba. Mtoto anayejua kuhesabu hapotei.

Hapo ndipo penye kipimo changu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kwenda wapi peke yake na kurudi kabla ya magharibi? Shule, madrasa, dukani, kwa bibi, uwanja wa mpira. Kila mahali anapofika kwa miguu yake ni sehemu ya malezi ambayo mzazi hailipii.

Sasa tazameni pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika au Mbagala, ambako wengi wetu tulikimbilia kodi ya chini. Mtoto anayesoma mbali huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Kituoni konda anamsukuma kando, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Anafika amechelewa, anasinzia darasani, jioni anarudi gizani. Baba na mama wameokoa fedha. Mtoto ndiye anayelipa, kwa usingizi wake. Hili linaniuma, kwa sababu halimo katika hesabu yoyote ya gharama za maisha niliyowahi kusoma.

Wala nisiwadanganye kwamba kutembea kwenyewe ni salama. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29. Dawa yake tunayo, tena ya bei rahisi. Mradi wa SARSAI, ulioanzia Dar es Salaam, uliweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya kimataifa ya miji.

Tanga nayo haitakaa ilivyo. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia Chongoleani, Tanga. Ajira zikirudi nitafurahi, kwani kijana wa miaka kumi na minane anahitaji sababu ya kubaki. Ila ardhi itapanda bei, na kiwanja cha mpira ndicho huuzwa kwanza. Halmashauri ivipime viwanja vya watoto na kuvipatia hati sasa, kabla ya madalali.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi wale ni: hamieni, ikiwa riziki yenu inaweza kuhama nanyi. Kabla ya kulipa kodi, fikeni mtaani siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simameni kwenye kona. Hesabuni watoto wanaotembea bila mtu mzima. Kisha rudini saa kumi na moja jioni, muone wanachezea wapi.