Sitara na Baraza: Ukarabati wa Nyumba ya Mawe Lamu



Anayefika kwenye nyumba ya kale ya mawe mtaani Mkomani, Lamu, hupiga hodi dakani. Daka ni ukumbi wenye kivuli mbele ya mlango, na baraza huku na huku. Hapo mgeni ameshatoka njiani, lakini hajaingia kwa watu. Huketi, huletewa kahawa, na mara nyingi jambo lake huishia hapo hapo. Akikaribishwa, huingia tekani, ambako njia hupinda. Hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni kiwanda, ule uwanja usio na paa wanamoshinda wenyeji. Baada ya kiwanda kuna misana miwili, vyumba vilivyo kimoja nyuma ya kingine, kisha ndani, chumba chenye zidaka, yaani vishubaka, ukutani. Kila unapovuka, sakafu hupanda kidogo. Miguu hujua imefika wapi kabla ya macho.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Upana wake kwa kawaida haufiki mita 3, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, nazo zikirefushwa mno huelemewa na uzito wa mawe na chokaa. Hapo ndipo wenye nyumba wa leo wanaponijia: "Mwalimu, vyumba vinatubana. Tuvunje ukuta tupate sebule."

Miaka kadhaa iliyopita nilikubali. Familia moja ilitaka nuru na nafasi ya kupokea watu, nami nikachora ramani iliyoondoa ukuta wa tekani. Ilipendeza kwa wiki chache. Kisha mlango, uliozoea kushinda wazi tangu enzi za babu yao, ukaanza kufungwa asubuhi hadi usiku, kwa sababu aliyepita njiani aliona moja kwa moja hadi kwenye kamba ya nguo. Bibi yao akahama kiwandani, akajifungia orofani. Wazee wa barazani nao wakaona haya kukaa mahali ambapo ukigeuza shingo tu umeshatazama ndani kwa watu. Wakahamia baraza ya jirani. Nilikusudia kuwaongezea wageni, nikawafukuza.

Nimelifikiri sana neno sitara tangu wakati huo. Faragha ni kuwa peke yako. Sitara ni kufunikwa ukiwa miongoni mwa watu, na bila hiyo hakuna aliye tayari kuacha mlango wazi. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na macho ya wengi yako kwenye milango ya nakshi. Mimi naiogopea zaidi ile pembe ya tekani isiyopigwa picha na mtu.

Lakini sitaki kuipamba historia. Nyumba hizi zilikuwa za matajiri wa biashara. Watumwa waliwekwa chini pamoja na ghala, na sitara ya mabibi mara nyingi ilikuwa pia kifungo chao. Tunapokarabati, turudishe kuta, si vyeo vya waliokaa nyuma yake. Kwa mfano, sabule, chumba cha mgeni chenye ngazi yake, kiliwafaa wafanyabiashara waliosubiri pepo za msimu zigeuke. Leo kinaweza kumfaa kijana aliyeanza kazi, au binti anayesomea mitihani.

Ile familia ilinipa fursa ya kusahihisha. Tukaujenga upya ukuta kwa matumbawe na chokaa. Simenti niliikataa, kwa sababu ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na ukizibwa usipumue lipu hubanduka. Nuru waliyoitaka tuliipitisha juu, kwa matundu yaliyo juu ya kimo cha mtu. Kazi ilipokwisha, bibi aliketi kiwandani na ukili wake, akamtuma mjukuu njiani, mlango ukiwa wazi.

"Waniona?"

"Sikuoni, bibi."

"Basi usifungwe."