Risasi Iliyobaki Kiungoni

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka mjini Kampala, katika mkahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab lilitangaza kuwa limelipiza kisasi kwa majeshi ya Uganda yaliyokuwa Somalia. Miongoni mwa walionusurika wako waliobaki na vipande vya chuma miilini.

Ndugu wasikilizaji, usiku ule raia walipatwa na yale ambayo askari na polisi huyakabili kazini. Basi yafaa ijulikane kwamba si kila chuma kilichobaki mwilini kina hatari sawa. Kikikaa katika nyama, mara nyingi mwili hukizungushia utando, na daktari aweza kukiacha. Lakini kikiingia ndani ya goti, bega au nyonga, husaga gegedu kila kiungo kinapokunjwa, hata kiungo kikakakamaa.

Liko na jambo la pili. Katika Kiswahili, madini na kile kitokacho katika bunduki vina jina moja: risasi. Ganda lake la shaba likipasuka, madini hayo huyeyuka polepole katika ute wa kiungo na kuingia katika damu. Miaka yaweza kupita, kovu limekauka, ndipo mtu apatwe na maumivu ya tumbo, upungufu wa damu na udhaifu wa mikono, asijue chanzo.

Zamani kuitoa risasi hiyo kulimaanisha kukipasua kiungo wazi. Leo, penye vifaa na jeraha likiruhusu, daktari hutoboa matundu madogo mawili au matatu, akapitisha kamera nyembamba katika moja na koleo katika jingine, huku maji yakisafisha ndani. Njia hiyo ina mizizi Japani, ambako mwaka 1918 Kenji Takagi alichungulia goti la maiti kwa chombo cha kutazamia kibofu.

Hata hivyo, kamera haimfai askari anayenyamaza. Uvumilivu ni sifa ya askari. Kuficha maumivu si uvumilivu. Aliyepata kupigwa karibu na kiungo na aende akapigwe eksirei, hata kama jeraha limepona, wala asikubali kuchokolewa kwa kisu. Na mkuu wa kikosi ampe ruhusa bila kumdhania mtegaji, kwani aliyejeruhiwa akiilinda nchi anaidai nchi hiyo matibabu.